Shikamoo ya Mahakamani

"Kesi haiamuliwi kwa shikamoo." Mmeisikia sokoni mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni niwaambie, ila kicheko mkiache, maana aliyeisema kwanza aliisema akiwa kizimbani.

Mkunde alikuwa mjane hapa kwetu Mtakuja, ana watoto wadogo na shamba aliloachiwa na mumewe. Shemeji yake, Chambuso, alilitaka lile shamba. Ghala lake la mahindi lilipoungua, akamshtaki Mkunde kwamba ndiye aliyelichoma.

Katika mahakama yetu ya mwanzo hakimu haamui peke yake. Huketi na wazee wa baraza wawili, raia kama mimi na nyinyi, na kura zao zina uzito sawa na yake. Siku hiyo walikuwa Mzee Ngwandu na Bi Tunu. Chambuso akaanza kwa kusema alikuwa amelala, moshi ndio uliomwamsha. Alipoulizwa zaidi, akasema alimwona Mkunde kwa macho yake akiwasha kiberiti. Amelala, na anaona! Mzee Ngwandu hakusikia hata moja, alikuwa anakoroma. Bi Tunu alisikia yote.

Ikafika zamu ya maoni. Kwa mila yetu mkubwa husema kwanza.

"Ana hatia," alisema Mzee Ngwandu, akifikicha macho. "Mtu hawezi kumsingizia mke wa ndugu yake."

"Na wewe, Bi Tunu?" aliuliza hakimu.

Bi Tunu alimtazama Mkunde, kisha akainamisha kichwa. "Mzee ameshasema. Mimi ni nani nimpinge?"

Hakimu naye alikuwa kijana. "Basi nami siwezi kuwavunjia heshima wakubwa zangu," akasema, na akatamka kifungo.

Mkunde akashika ukingo wa kizimba. "Bi Tunu, hukumsikia Chambuso?"

"Nilimsikia, mwanangu."

"Ukanyamaza?"

"Mkubwa hakatwi kauli."

"Basi mngesalimiana nyumbani kwenu!" Mkunde alipiga kelele, askari wakimvuta. "Hapa mmeitwa kuamua! Kesi haiamuliwi kwa shikamoo!"

Akaenda jela. Chambuso akalima lile shamba msimu uliofuata, na watoto wakagawanywa kwa ndugu. Mkunde alipotoka, mtoto wake mdogo kabisa alimkimbia, hakumjua. Bi Tunu alikwenda kuomba radhi, akalia mlangoni mpaka sauti ikamkauka. Hakufunguliwa. Watu walisema Mkunde ana roho ngumu. Upuuzi! Mimi nisingefungua pia.

Heshima ni kitu kizuri, nami nawatandika msiponiamkia. Lakini siku moja mtaitwa kukaa kwenye lile benchi, na maisha ya mtu yatakuwa mikononi mwenu. Mkisikia uongo, semeni ni uongo, hata kama mkubwa wenu ameshasema vingine, hata kama mkubwa huyo ni mimi. Kesi haiamuliwi kwa shikamoo.