Ngwali Alale na Neno Lake

"Paukwa!"
"Pakawa."
"Palivuma?"
"Pakatulia."
"Aliyekula kwa pupa?"
"Kapaliwa mwenyewe."
"Na anayesikiliza?"
"Hasinzii."

Haya. Nyie wa nyuma sogeeni, sauti yangu si ya kukodi.

Hapo kale, wala si kale ya majini na wafalme, ni kale ya juzi tu, watu walipokwisha kuwa na simu na hawana pa kuzichaji, palikuwa na kisiwa kikiitwa Pwaje. Kidogo hicho. Ukipiga chafya upande wa kusini, wa kaskazini wanakwambia afya. Na upepo wake, jamani. Ulivuma asubuhi, ulivuma mchana, na ukitaka kupumzika ulipumzika kwa kuvuma polepole.

Sasa watu wa Pwaje walikuwa na ada yao, na ada hii ishikeni, maana bila yake hamtanielewa. Mtu akisimama barazani akasema jambo liwe sheria, hawapigi kura. Wanamwambia, "Lala na neno lako." Analotaka wenziwe walifuate, alifuate yeye kwanza, siku tatu, kisiwa kizima kikimtazama. Likimkaa, linawakaa wote. Likimshinda, limekufa. Kuna babu mmoja aliwahi kusema kuku wasikanyage njia za watu, wanachafua. Akaambiwa alale na neno lake. Siku tatu akawabeba kuku wake kichwani ndani ya tenga, kila wakitoka na kila wakirudi. Baada ya hapo kuku wakaachiwa njia, na babu akaenda kuoga.

Kisiwani hapo aliishi Bi Mize binti Makungu, mkulima wa mwani. Yeye na wanawake wenziwe walikuwa wamepewa mashine ya kusaga mwani, kwa sababu mwani mkavu wachuuzi huuchukua kwa bei ya kuhurumiana, lakini unga wake ndio wa kutengenezea sabuni, na ndio unaogombewa. Ila mashine inataka umeme, na umeme wa Pwaje ulikuwa mmoja tu, jenereta la Bwana Ngwali. Basi mashine ikakaa chumbani kwa Bi Mize, imefunikwa kanga, kama mwari anayengoja kuolewa. Na wenyewe walioitoa walishasema: Ramadhani ikiingia haijasaga, itahamishiwa kisiwa cha pili.

Bi Mize akaenda kwa Bwana Ngwali.

"Hodi."
"Nani?"
"Mize."
"Njoo kesho, jenereta limechoka."

Akaenda tena.

"Hodi."
"Nani?"
"Mize."
"Njoo kesho, mafuta yamechafuka."

Akaenda mara ya tatu.

"Hodi."
"Nani?"
"Yule yule."
"Njoo kesho, leo mimi mwenyewe sijisikii."

Si kwamba Bwana Ngwali alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kupigiwa hodi. Anayetaka kuchaji simu, anayetaka barafu, anayetaka kuona mpira, wote lazima wasimame mlangoni pake waseme, "Tafadhali, Bwana Ngwali." Na hilo tafadhali alikuwa akilila kama halua. Bi Mize kila akirudi nyumbani alirudi na uchungu wa kweli, maana mtu mzima mwenye wajukuu hasimamishwi mlangoni kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Siku moja wakaja mafundi kutoka mjini. Wakasema, "Nyie mna upepo wa kumwaga. Tuwasimamishie mtambo. Mlingoti mrefu, mapanga matatu juu, upepo unayazungusha, umeme unashuka. Mkitaka, tunaanza. Msipotaka, tunakwenda kwa wengine."

Kikaitwa kikao skulini. Watu wazima wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Sheha Khatibu akafungua kikao, na kabla hajakaa Bwana Ngwali akasimama.

"Ndugu zangu, mimi sina baya. Nauliza tu. Maji ukiyachota kisimani, yanapungua hayapungui?"
"Yanapungua."
"Mchele ukiuchota guniani?"
"Unapungua."
"Na upepo ukichotwa na hilo pangaboi lao?"

Hakungoja wajibu.

"Utapungua," akasema Bwana Ngwali. "Leo umekwenda kwenye mashine ya Bi Mize. Kesho nguo zako utazikausha na nini? Mpunga utaupepeta na nini? Upepo ni wa kisiwa. Anayeutumia kwa shughuli yake anawaibia wenziwe. Nasema asiutumie mtu. Iwe sheria."

Mzee mmoja akauliza, "Na pumzi je, nazo zimo?"

"Zimo," akasema Bwana Ngwali, kwa kuwa keshapanda juu na kushuka anaona tabu. "Za kuvutia uhai ziacheni. Za kupuliza, hapana."

Hofu ikaingia mle ndani. Mama mmoja akamziba mwanawe pua. Msicheke. Nyie mngekuwepo mngeziba na masikio. Mafundi wakajaribu kueleza, lakini nani anamsikiliza fundi wakati upepo unakwisha?

Bi Mize aliiona mashine yake inapakiwa kwenye boti, kanga na yote. Machozi yalikuwa yamefika kopeni. Ndipo masikio yakamrudishia lile neno la mwisho, iwe sheria, na machozi yakasita.

"Sheha," akasema, "Bwana Ngwali amesema neno zito, nasi tumelisikia. Kilichobaki ni ada tu. Alale nalo."

Bwana Ngwali akacheka. "Nitalala nalo hata mwezi. Mimi upepo nautumia kwa lipi? Mimi nina jenereta."

Ulimi uliponza kichwa, wala hapa haukuanza.

Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Bi Raya, mkewe Bwana Ngwali, akatoka na kanzu iliyofuliwa. Ng'ambo ya njia, barazani kwake, Bi Mize na wenziwe wamekaa, wanasuka ukili wa mikeka, na macho hayapo kwenye ukili.

"Bi Raya, shoga yangu, unaanika wapi?"
"Uani."
"Na uani kuna nini?"

Bi Raya akafikiri, akairudisha kanzu ndani. Bwana Ngwali akaenda msikitini na kanzu mbichi imemganda mwilini. Kila akisujudu ilisema chwapu, na safu ya nyuma yake yote ilipata tabu ya kubana kicheko.

Siku ya pili Bi Raya akatoka na ungo.

"Shoga, na hizo pumba zitapeperushwa na nani?"

Akarudi ndani. Bwana Ngwali akala wali wenye pumba, anatema kuliko anavyomeza. Akaletewa chai ya moto. Akasogeza midomo apulize. Bi Mize akakohoa dirishani. Akainywa hivyo hivyo, na ukaungua ulimi ule ule uliosema. Wanawake wakatunga wimbo papo hapo. Nyie itikieni:

Upepo si wako, usiuguse,
"Ngwali, usiuguse."
Chai si maji, usiipulize,
"Ngwali, usiipulize."
Neno ni lako, ulale nalo,
"Ngwali, ulale nalo."

Lakini siku ya tatu Bwana Ngwali akatoka kibarazani amevimba. Kanzu inanuka, ulimi una malengelenge, na bado kichwa kiko juu. "Jua likitua," akasema, "neno langu ni sheria."

Hapo Bi Mize akaogopa. Alikuwa amedhani mtu huyu atashindwa mapema, na mtu huyu hashindwi. Jua likitua mtambo haupo, na mtambo usipokuwepo mashine inakwenda zake. Wenziwe wakaacha kuimba. Akainua kanga kujifuta jasho, na kanga ikamnukia dizeli. Kanga zake zote zilinuka dizeli, miaka nenda miaka rudi, mpaka pua ilikwisha kuizoea. Akainua macho. Moshi wa jenereta ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba ya Bwana Ngwali, unainama, unalivuka paa lake, unavuka njia, unaingia kwake. Bi Mize akaweka ukili chini, akaenda kumwita sheha. Na sheha akija, kisiwa kinakuja.

"Bwana Ngwali," akasema Bi Mize, "huu moshi wako unakwenda wapi?"
"Unakwenda zake."
"Unakwenda wenyewe au unabebwa?"

Bwana Ngwali akageuka, akautazama moshi wake unavyovuka njia.

Sheha Khatibu akashika ndevu. "Kumbe upepo ni mpagazi wako miaka yote hii, Bwana Ngwali. Basi leo mpe mapumziko."

Watu wakaleta maturubai, wakaleta mikeka, wakaleta na shuka za harusi. Wakaliziba banda la jenereta huku na huku upepo usiingie, wakaacha uwazi mmoja tu, ule unaotazama dirisha la sebule ya mwenyewe. Mtu akamwambia, "Si ulizime?" Lakini angelizima, angekuwa amekiri kwamba bila upepo haliendi. Akaliacha lingurume, akaingia ndani, akakaa kitako sebuleni kwake kama mtu anayepokea wageni.

Akatoka paka.

Akatoka Bi Raya na sufuria ya mchuzi mkononi. "Mimi niliozwa mume," akasema, "sikutiwa tanurini." Akaenda kukaa na wasuka ukili.

Mwisho akatoka Bwana Ngwali. Macho mekundu, pua nyeusi, machozi yamechora njia mbili mashavuni. Akaegemea ukuta, akakohoa mpaka watu wakaanza kumwonea huruma. "Zimeni," akasema. "Fungueni. Neno langu limekufa."

Mikeka ikashuka, upepo ukaja, na Bwana Ngwali akaulekezea uso akavuta pumzi ndefu.

Bi Mize akamsogelea, akamuuliza kwa upole, maana aliyeanguka hakanyagwi, "Miaka yote hiyo umeutumia. Umepungua?"

"Haujapungua," akasema Bwana Ngwali.

Basi hofu ikawatoka watu hapo hapo, na yule mama akamwachia mwanawe pua.

Sheha akamgeukia Bi Mize. "Na wewe? Wasema upepo utasaga kila siku?"

Watu wakasogea wasikie. Bi Mize alikuwa amekwisha kuona neno likimla mtu, akalipima la kwake kabla ya kulitoa. "Nasema utasaga siku utakapovuma. Siku usipovuma, nitakaa ningoje."

Wakacheka sana, wakasema hilo halimshindi mtu. Mafundi wakasimamisha mtambo. Mapanga matatu yakazunguka, kanga ikafunuliwa, mashine ikanguruma, na vigelegele vya wanawake vikaifunika. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Bi Mize alikuwa na magunia ya unga mpaka darini.

Je, mnadhani imekwisha? Bado.

Siku moja upepo ukakata. Shwari kabisa, hata jani halitikisiki. Mapanga yakasimama. Mwani umejaa, na wanunuzi wa unga wako njiani. Wenziwe wakamwambia, "Mize, twende kwa Bwana Ngwali."

"Siendi," akasema. "Nimesema nitakaa ningoje. Nimesimama milangoni kwa watu nikasimama sana, jamani, iliniuma na sikuwaambieni. Upepo ukikataa haunichungulii dirishani ukafurahi. Huu nitaungoja, na wala sioni haya."

Akavuta mkeka, akakaa. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Wenziwe wakawa wanamtazama yeye, na yeye anayatazama mapanga.

Alasiri pakapigwa hodi.

"Nani?"
"Ngwali."

Alikuwa amesimama nje ya mlango na bunda la waya begani, jasho linamtoka. "Nimeona yamesimama," akasema. "Waya wangu unafika hapa. Kama hutojali. Tafadhali, Bi Mize."

Ulimi wa Bi Mize ukamwasha aseme, njoo kesho. Ukamwasha kweli, na nyie mngesema, msinidanganye. Maneno yalifika mpaka menoni. Akamtazama yule mtu mzima aliyesimamishwa mlangoni, na akajua vizuri sana miguu yake inavyojisikia.

Akasogeza gunia lililoziba njia.

"Pita ndani, Bwana Ngwali," akasema. "Hapa hatusimamishi mtu."

Na mimi hapo nimeshusha mzigo wa ngano. Uliokulemea niachie, uliokupendeza jitwike. Kesho nikipita mlangoni kwako nikiusikia unasimuliwa, nitajua umefika.