Magunia Hamsini

Mtu mmoja alikuwa na daraja la kulinda. Aliitwa Yustino, na daraja lenyewe lilikuwa kwenye barabara kuu inayoshuka kutoka milima ya viazi kwenda sokoni. Mbele ya daraja palikuwa na geti la mti, na juu ya geti kibao cha bati kilichoandikwa: MWISHO MAGUNIA HAMSINI. Aliyelijenga daraja ndiye aliyeandika maneno hayo. Akafa, akazikwa, maneno yakabaki. Kazi ya Yustino ilikuwa kuhesabu magunia ya kila lori, na kutouinua ule mti kwa lori lenye hamsini na moja. Aliapa hivyo mbele ya baba yake, aliyeishika kazi hiyo kabla yake, na kiapo hicho ndicho kilichokuwa heshima yake yote.

Sasa sikilizeni. Siku kibao kilipoandikwa, gunia lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Alijitwika begani akaenda nalo. Baadaye wanunuzi wa mjini wakataka lijazwe mpaka mdomoni. Likajazwa. Wakataka lishonewe kilemba cha wavu juu yake, nacho kijazwe viazi. Likashonewa. Miaka ikapita, kilemba kikawa kirefu kuliko gunia lenyewe, na kulipandisha kwenye lori kukahitaji wanaume wanne na matusi juu. Haba na haba hujaza kibaba, nao waliendelea kukijaza kibaba kilichokwisha kujaa. Ila jina halikubadilika, liliitwa gunia tu. Yustino alihesabu, akafika hamsini, akainua mti. Na yeye alikuwa na shamba lake, na magunia yake yalikuwa na vilemba kama ya wenzake.

Kiangazi kimoja alishuka mtoni kuchota maji, akaona ufa kwenye nguzo ya kati. Ukucha wake uliingia. Kiangazi kilichofuata kiliingia kidole kizima. Aliogopa, lakini hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba daraja lina kipimo chake, na kipimo hicho hakijavukwa hata mara moja tangu enzi za baba.

Wiki ileile alimzuia mjane mmoja aliyekuja na kilori cha kukodi. Mama yule alikuwa na magunia hamsini na mawili ya mtindo wa zamani, mepesi, aliyoyafunga kwa mikono yake. Alilia pale getini. Yustino alimwonea huruma, tena huruma ya kweli, lakini sheria ni msumeno, akamshushisha mawili. Nyuma ya mjane likapita lori lenye hamsini ya vilemba. Daraja likaguna, vumbi likadondoka mtoni, na Yustino akalitazama vumbi lile mpaka likaisha.

Ndipo akaja mhandisi, mwanamke kijana, mkononi ana nyundo na nyuma yake gari limebeba mizani. Siku mbili alizigonga nguzo na kuzisikiliza, akayapima magunia. Siku ya tatu akawaita wakulima, madereva na wazee wa barabara, akawaambia kipimo cha zamani kimekufa. Tangu sasa malori yapimwe uzito, wala yasihesabiwe magunia; na mpaka nguzo ya kati itengenezwe, kwa gunia la siku hizi mwisho ni kumi na nane. Watu wakapiga kelele. Madereva wakasema watakufa njaa. Wazee wakasema aliyejenga daraja hakuwa mjinga, na nani huyu wa kumsahihisha marehemu? Mwishowe wote wakamgeukia Yustino, kwa kuwa hajawahi kusema uongo, wakamwuliza kama amewahi kupitisha zaidi ya hamsini.

Yustino akasimama. Aliukumbuka ule ufa. Alijua kwamba akiutaja, mizani itabaki pale pale, na viazi vyake mwenyewe vitaozea shambani akisubiri zamu. Akasema hapana, hata siku moja. Ilikuwa kweli, na aliona aibu kuisema.

"Baba yangu," mhandisi akamwambia, "daraja halijui kuhesabu."

Watu wakacheka. Sikio la kufa halisikii dawa. Kikao kikakubaliana jambo moja tu, kwamba kibao kimechakaa na kipakwe rangi upya. Mhandisi akapakia mizani yake akaondoka. Yustino mwenyewe ndiye aliyeshika brashi, akaiandika hamsini kwa rangi nyekundu, akaipendezesha sana.

Msimu wa mavuno, mke wake Gaudensia alitaka kwenda mjini kumwona mjukuu wao wa kwanza, mwenye siku tisa duniani. Akapanda mbele, kando ya dereva, kwenye lori lililobeba viazi vya mumewe. Kwa kuwa ni mkewe, Yustino alihesabu mara mbili. Yalikuwa hamsini. Akainua mti, na Gaudensia akampungia mkono akiwa amekumbatia kanga mpya za mtoto. Lori lilipofika katikati, nguzo ya kati ilikatika, na daraja likaenda nalo mtoni. Yustino alibaki amesimama, kamba ya geti mkononi, akiomba kimoyomoyo kwamba labda alikosea kuhesabu. Hakuwa amekosea.

Baada ya mazishi ikaja tume ya uchunguzi. Walipekua daftari lake mwaka hadi mwaka, wasione hata siku moja yenye hamsini na moja. Yustino akawaambia habari za ufa. Akawaonyesha kidole alichokiingiza. Akawasihi wamfunge. Wakamjibu kwa upole kwamba nguzo hazikuwa kazi yake, kazi yake ilikuwa kuhesabu, naye alihesabu vyema. Wakampa mkono wa pole na kumrudishia kazi. Daraja jipya likajengwa mahali palepale, jembamba kama la kwanza. Kile kibao kikaopolewa mtoni, kikaoshwa tope, kikatundikwa juu ya geti, na magunia yakaendelea kuja na vilemba vyake.

Yustino angali pale. Kila Jumamosi huenda kanisani kuungama, hupanga foleni na wenzake, na zamu yake ikikaribia hurudi nyumbani, maana hajui dhambi yake aitaje kwa jina gani. Basi niambieni, ninyi mlioshika amri zote tangu utoto: mtu ambaye hakuvunja sheria hata moja, naye amemzika mkewe kwa mkono wake mwenyewe, ataomba msamaha kwa kosa lipi?