Dirisha la Mwalimu Khatibu

Ukili hausukwi kwa masikio. Ndivyo mlivyoambiwa jana, mlipoitikia "tumesikia, mama" huku ugali unaungua, nanyi mkacheka mkataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni. Na wewe Zuhura unayekwenda chuo mwezi wa kumi, sogea zaidi, maana maneno haya yalizaliwa chuoni, na yalizaliwa namna hii.

Palikuwa na mama mmoja wa Pangani, Bi Mashavu, msukaji wa mikeka: anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya ukindu, kisha anaushona. Shule aliishia darasa la saba. Mwanawe Khatibu alisoma akapita huko kote, mpaka akapewa kazi ya kufundisha chuo kikuu, na somo lake likawa ni jinsi watu wanavyojifunza. Wanafunzi wake nao walikuwa wanasomea ualimu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mkuu wa idara, Profesa Mbelwa, angekaa nyuma ya darasa atazame, halafu aseme Khatibu abaki au afungashe.

Bi Mashavu hakuwa na raha. Kila simu ya Khatibu ikiita, alidhani keshafukuzwa. Ilipobaki wiki moja alishindwa kukaa. Alifunga mzigo wa ukindu, maana mikono yake haikujua kukaa bure, akapanda basi kumfuata.

Alimkuta barazani, karatasi za jaribio zimemzunguka, uso umesawajika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Soma hii."

Bi Mashavu akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze namna mtu anavyojenga maarifa. Jibu lilisema: "Mwanafunzi hujenga maarifa mapya juu ya yale aliyonayo. Funga dirisha, mvua inaingia."

"Dirisha linahusu nini hapa?"

Khatibu akajishika kichwa. Siku ile alikuwa akisoma maelezo na wanafunzi wanaandika, mvua ikaanza, akamwambia aliyekaa pembeni afunge dirisha. Darasa likaandika na hilo. Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili, na thelathini na mmoja wamelifunga dirisha kwenye jaribio. Mmoja wao, Ayubu, alilipa na jina kabisa, Nadharia ya Dirisha, akafafanua kwamba akili ikiachwa wazi maarifa huloa.

Bi Mashavu alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo. Khatibu naye midomo ikaanza kumcheza. Kisha akakumbuka, kicheko kikamkatika.

"Profesa Mbelwa keshaziona karatasi hizi, mama. Na mimi kila kitu nimewaeleza. Maarifa ya awali, msaada wa mwalimu unaopungua hatua kwa hatua, mrejesho."

"Kwa Kiswahili cha jikoni ni nini hivyo?"

"Kwamba mtu hujifunza kwa kuanzia na anachokijua. Mwalimu anamshika mkono, halafu anamwachia pole pole. Akikosea anaoneshwa mapema, kosa lingali linarekebishika."

Bi Mashavu alikuwa keshafungua mzigo wake, vidole vinakwenda. "Na wewe unawafanyia hayo?"

Khatibu akaanza kukusanya karatasi zake.

"Wewe ukili nilikufundisha vipi?"

"Ulinianzishia. Ulipofika shubiri moja ukanipa, mikono yako juu ya yangu. Halafu ukaitoa, sijui hata lini."

"Nilikuhutubia?"

"Wala. Nikikosea ulikuwa unautandika chini, unaniambia, tafuta ulipopotea."

"Na ulilia."

"Mara moja tu, mama."

"Mara nne. Lakini nikikupa chane za ukindu sasa hivi, si utasuka?"

Khatibu akamtazama mama yake, kisha akautazama ule mzigo. "Mama, huo ukindu unatosha watu wangapi?"

Alipoelewa anachoombwa, Bi Mashavu alikataa katakata. "Mimi wa darasa la saba niingie chuo kikuu nikafanye nini, nifagie?" Usiku hakulala vizuri. Hata hivyo siku ilipofika alijifunga kanga yake mpya akaingia, akakaa karibu na mlango ili ikibidi kukimbia iwe rahisi. Nyuma kabisa alikaa Profesa Mbelwa, miwani puani, kalamu mkononi.

Khatibu akaanza kwa kueleza namna ukili unavyosukwa, tangu kuloweka ukindu mpaka kuongeza chane. Alieleza dakika kumi, vizuri sana. Wanafunzi waliandika, kalamu zinasikika.

"Mmeelewa?"

"Tumesikia, mwalimu."

"Haya, fungeni madaftari. Sukeni."

Chane zikagawiwa mpaka mstari wa nyuma. Aa, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Huyu kafunga fundo, yule kajifunga kidole, Ayubu kashika chane zake zote kwa meno. Darasa likaanza kucheka, kwanza kwa kuona haya, baadaye bila haya. Nyuma kule Profesa Mbelwa aliandika kitu. Bi Mashavu akasema moyoni, mwanangu kwisha, tunarudi naye Pangani.

"Mama," Khatibu akaita kwa utulivu, "tuanzishie."

Bi Mashavu akainuka. Akaanza na wa mstari wa mbele, binti aitwaye Tupokigwe. Akamsukia mwanzo, akamwekea mikono, akaiongoza. Baada ya mizunguko mitatu Tupokigwe akainua kichwa.

"Bibi, mbona hii ni twende kilioni? Tofauti yake hiki kichwa hakilalamiki."

"Kumbe wajua kusuka nywele? Basi nusu ya kazi umekuja nayo. Mwoneshe mwenzio."

Likaenda hivyo, mwenzake na mwenzake. Bi Mashavu alipita akianzisha, akiachia, akirudi. Hofu ilimtoka bila yeye kujua, kwa kuwa sasa alikuwa kazini. Alifika mstari wa nyuma, akaona ukili umekwenda upande, na mdomo ukasema kabla hajatazama mwenye mikono.

"Baba, umeruka chane. Fumua."

Darasa zima likageuka. Alikuwa Profesa Mbelwa. Khatibu alifumba macho.

Profesa akautazama ukili wake, akausogeza karibu na miwani. "Hapa?"

"Rudi nyuma kidogo. Tafuta ulipopotea."

Akatafuta. Akapaona. Akafumua, akaanza tena, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa chekechea, na watu wakapumua.

Saa ilipokaribia kwisha, Khatibu akawauliza ni nini kilichowasaidia. Mmoja akataja nywele, mwingine mkono uliomwongoza kisha ukaondoka, mwingine kule kufumua. Khatibu akaandika maneno yao ubaoni, na kando ya kila neno akaandika lile jina kubwa walilokuwa wamelikariri mwaka mzima. Wakatazamana.

Ayubu akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, mwalimu, dirisha halikuwamo?"

Walicheka mpaka Profesa akavua miwani akafuta macho. Alipotulia akauliza, "Ayubu, una kurasa ngapi za maelezo ya kusuka?"

"Mbili na nusu, Profesa."

"Na huo ukili ulionao mkononi, umeusuka kwa ukurasa upi?"

Ayubu akalifungua daftari, akalipindua, akalifunga. Bi Mashavu akamwonea huruma.

"Hana kosa, baba," akasema. "Ukili hausukwi kwa masikio."

Hapo darasa zima likainama, likaandika.

"Mnaandika tena?" Bi Mashavu akamwendea Ayubu, akamtoa kalamu vidoleni, akamtia chane.

Khatibu alibaki kazini, na Bi Mashavu akarudi Pangani kwa basi lile lile akiwa amelala fofofo, jambo ambalo mwaka mzima lilikuwa limemshinda. Vile vipande vya ukili vya siku ile alivishona mkeka mmoja. Mkeka wenyewe umepinda, haulali chini vizuri hata kidogo, lakini umetandikwa ofisini kwa Profesa Mbelwa, na kila mgeni huoneshwa kipande alichokifumua Profesa mwenyewe mara tatu. Walimu waliotoka katika darasa lile wakatawanyika na maneno ya Bi Mashavu, kila mtu na shule yake, mpaka yakafika hapa kwetu.

Basi msiwe wepesi wa kuitikia mmesikia. Sikio halikatai kitu, linapokea somo na dirisha pamoja. Zuhura, huko uendako utasomewa mengi na madaftari yatajaa. Kila jioni yafunge, ujiulize unaweza kufanya nini bila hayo. Ukikwama, tafuta ulipopotea, fumua, usione haya, profesa alifumua.

Haya, maji yamechemka, unga ule pale, mwiko huu hapa. Nani anasonga? Msiniambie mmesikia. Ukili hausukwi kwa masikio.