Karamu Aliyoitaka Bi Inshirah

Wivu ni kama mchwa: hula ndani, huku nje mlango ungali unang'aa. Ndivyo ulivyomla Bi Inshirah wa Iskandaria, tangu enzi za chuo alikosoma na Kariman. Kariman akisifiwa, Inshirah hushikwa na homa.

Kila mwaka wahitimu wa zamani walichangia karo ya wanafunzi wasiojiweza. Mwaka mmoja Inshirah aliuza bangili zake zote za dhahabu ili ampite mwenzake kwa kutoa. Wakati huohuo mwanawe Hazim, ambaye duka lake la vigae lilikuwa limefungwa, alimjia kichwa chini.

"Mama, karo ya Yumna imenishinda."

"Nina ahadi kubwa mwaka huu, mwanangu. Jikaze kiume."

"Haya, mama."

Yumna, binti wa Hazim, aliendelea kusoma. Bibi yake hakuuliza kwa fedha zipi.

Mwaka uliofuata wahitimu walikutana kupanga karamu yao. Ikasemwa kwamba Kariman amelipia wanafunzi tena, wala hataki watajwe.

"Wanafunzi gani hao wasioonekana?" Inshirah alifoka. "Majini?"

"Mwenzangu, waache," Kariman alijibu kwa upole. "Mtoto wa watu havuliwi nguo hadharani."

"Kama wapo, unaogopa nini? Mwaka huu wote wapande jukwaani! Kila mmoja ataje jina lake, la baba na la babu, amshukuru aliyemlipia. Asiyepanda asilipiwe."

"Inshirah, nakuomba. Kwa ajili yako mwenyewe."

"Ehe! Kimeanza kukuwasha!"

Waliguna wengine, lakini nani angeshindana na ulimi ule? Wakakubali.

Siku ya karamu, samaki wakaliwa, keki tamu ya basbusa ikapitishwa. Wanafunzi wawili wa Inshirah walipanda, wakamshukuru, makofi yakarindima. Mama wa watu akajitanua kitini kama tausi.

"Sasa tuwaone majini wa Kariman!" akasema, na meza yake ikaangua kicheko.

Akapanda msichana mwembamba, macho chini. Kicheko kikamkauka Inshirah mdomoni.

"Naitwa Yumna," msichana alisema. "Yumna Hazim Tawfiki."

Nani ukumbini hakumjua marehemu Tawfiki, mume wa Inshirah? Vichwa vyote viligeukia meza moja.

"Namshukuru Bi Kariman. Alinilipia karo baba yangu aliposhindwa."

"Makubwa!" mtu akanong'ona, na mnong'ono ukafika hadi mlangoni. "Bibi analipia wa nje, wa ndani analipiwa na majirani!"

Kariman aliinuka haraka. "Shuka, mwanangu. Njoo ule."

Yumna alishuka. Inshirah alimnyooshea mkono, akamwita jina lake la utotoni, lakini binti alipita kama aliyepita karibu na kiti kitupu, akaenda kuuficha uso wake begani mwa Kariman. Mkono wa Inshirah ulibaki hewani, watu wakiutazama.

Aliyetaka mwenzake aumbuke ndiye aliyekosa pa kutazama. Mchimba kisima huingia mwenyewe.