Kiboko Aliyeokolewa Kupita Kiasi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiwe, juu ya jiwe Pimbi, nyuma ya Pimbi hakuna kitu. Mkia wake uko wapi?

Hatujui!

Hamjui, na njugu zangu mnakula. Basi tafuneni polepole, masikio yasizibe, niwaambie.

Zamani hizo Pimbi alikuwa na mkia. Tena mkia wa kuringia, mrefu, mweusi, wenye kishungi nchani. Kimo hakupewa, mbio hakupewa, pembe hakupewa. Alipewa mdomo na mkia. Alikaa juu ya jiwe katikati ya nyika na mkewe, Mama Pacha, na pacha wao wachanga ambao hata kutambaa ilikuwa kazi. Kulizunguka jiwe lile palikuwa na majani matupu, na kiangazi kilikuwa kimeshaingia. Ukiyakanyaga majani yanalia kacha-kacha, kacha-kacha.

Pimbi akiyatazama majani yale aliwakumbuka Kanga. Kiangazi kilichopita moto ulilamba bonde la Kanga. Kanga walipiga yowe, "Jamani, moto!" Yowe likafika kilima cha kwanza, likafia hapo hapo. Tembo, mwenye mkonga wa kubebea maji, alikuwa ng'ambo ya pili anajikuna kwenye mti, hana habari. Kesho yake wenzao walikwenda kuokota manyoya.

"Mama Pacha," Pimbi akasema, "nchi hii inataka Njia ya Yowe. Kila kilima kikae mlinzi. Wa kwanza akiita, wa pili apokee, wa tatu apokee, mpaka nchi nzima isikie. Bila kamba, bila tarishi, hewani tu!"

"Maneno mazuri, Baba Pacha. Nenda ukailete."

Pimbi akaenda kuileta. Na katika nchi ile, kitu chochote kililetwa kwa mkutano.

Mkutano ukakaa ukingoni mwa mto, maana Kiboko alikataa kutoka majini. Ikajadiliwa nani akae wapi. Pimbi akainua mkia, kwa kuwa wao waliomba nafasi ya kusema kwa kuinua mkia, na wa kwake ulionekana kutoka mbali. Akasema. Akasema tena. Akasema kuhusu aliyoyasema. Akapewa njugu, akajaza mashavu, akarudi nyumbani.

"Baba Pacha, umeleta nini?"

"Njugu."

Ukaitwa mkutano mwingine. Ikajadiliwa ule wa kwanza ulikwendaje. Pimbi akainua mkia, akausifu mkutano ule, maana yeye ndiye aliyeongea zaidi. Akarudi.

"Baba Pacha, umeleta nini?"

"Njugu. Lakini hizi zimekaangwa."

Mama Pacha akamtazama mumewe. "Mkia huo unaoinua kila saa utakuponza wewe."

Mwishowe wakamchagua mwenyekiti. Walimchagua Kiboko, kwa sababu alikuwa na kinywa kipana, na wote waliamini kinywa kipana kina mambo mengi ndani. Kiboko akaibuka, bubujii!

"Njia hii," akanguruma, "iwe pana kama kinywa changu. Na mimi nikisema, wengine wote kimya. Neno langu litangulie."

Pimbi akainua mkia. "Mheshimiwa, mimi nafikiri mwenye hatari ndiye atangulie."

Kiboko akafungua kinywa, aaaah! Pimbi akayaona meno ya mbele, akayaona ya nyuma, akaona na majani ya juzi.

"Unafikiri nini?"

"Nafikiri hivyo hivyo ulivyosema, Mheshimiwa. Nilitangulia kidogo tu."

Basi Njia ya Yowe ikafunguliwa. Nyani wakakaa vilimani. Na neno la kwanza kupita nchi nzima, bila kamba, bila tarishi, likawa hili: "Nimeamka!"

"Pokea! Mheshimiwa ameamka!"

"Nimepokea! Mheshimiwa ameamka!"

Kisha, "Nimepiga mwayo!" Kisha, "Maji leo ni vuguvugu!" Kisha, "Nileteeni majani laini, haya yana miiba!" Kutwa kucha, kilima kwa kilima, nchi nzima ikajua tumbo la Kiboko lilivyolala na lilivyoamka.

Siku moja mkutano umekaa mtoni, Pimbi mashavu yamejaa, Kiboko anaieleza nchi alichokula mchana. Kule nyumbani Mama Pacha akaona moshi. Akapanda juu ya jiwe akaita, "Moto! Jamani, moto! Nina watoto!"

Nyani wa kilima cha jirani akamjibu, "Nyamaza, mama! Mheshimiwa anaongea. Kafika kwenye matikiti."

Moto ukaja, waa-waa-waa, ukafika chini ya jiwe. Mama Pacha akawalalia wanawe. Hakuna aliyekuja. Ni upepo tu uligeuka, kwa kupenda kwake wenyewe, ukauchukua moto ukaupeleka kwenye mawe matupu ukafa.

Pimbi aliporudi alikuta upande mmoja wa jiwe ni mweusi. Pacha walikuwa hai, lakini sharubu zao zilikuwa zimeungua, zimejikunja.

"Baba Pacha," mkewe akauliza kwa sauti ndogo, "umeleta nini?"

Pimbi akatema njugu zote. Alizionea aibu njugu zile, akauonea aibu mdomo uliozitafuna, akakaa akalia. Majani upande wa pili wa jiwe yalikuwa bado yamesimama, makavu, yanasubiri. Alipomaliza kulia akafikiri. Kwa mara ya kwanza tangu mikutano ianze, alifikiri kabla ya kusema, na kichwa kikamuuma.

Asubuhi akamwendea Kiboko.

"Mheshimiwa, roho inaniuma kwa ajili yako."

"Kwa nini?"

"Unaita, wanakusikia tu. Hawaji! Kwa desturi yetu, yowe likilia kila mtu hutoka mbio na alichonacho mkononi, na asiyetoka anatengwa. Kanga mdogo tu akilia atokewe, wewe mwenye njia usitokewe? Iwekwe sheria. Sauti yoyote itakayopita Njia ya Yowe, wote waje, wala wasiulize kuna nini."

Kiboko akaiona nchi nzima inakuja na majani mdomoni. Mate yakamtoka. "Wote?"

"Wote."

"Mbio?"

"Mbio, Mheshimiwa. Wakianguka wanainuka."

"Ipitishwe!"

Ikapitishwa, na Pimbi akawaambia wenzake, "Mmesikia. Hatuulizi. Tunaokoa."

Kesho yake Kiboko akaibuka, bubujii! Akaita, "Nina njaa!"

"Pokea!" "Nimepokea!" "Pokea!" "Nimepokea!"

Ardhi ikatetemeka, tindi-tindi-tindi. Tembo akaja na mkonga umejaa mchanga wa kuzimia moto. Nyani wakaja na kamba za miti. Nungunungu, mganga wa sindano, akaja na sindano zake zote mgongoni.

"Yumo majini!" Tembo akapiga kelele. "Anazama!"

"Sizami!" Kiboko akasema. "Naoga!"

"Maskini, anaweweseka. Mvuteni!"

Wakamfunga kamba kwenye mkia. Siku hizo Kiboko naye alikuwa na mkia wa maana. Haya, mbee! Haya, mbee! Wakamtoa mpaka juani. Tembo akammwagia mchanga, fuuu, isije ikawa kuna moto. Nyani wakamkanyaga tumbo kumtoa maji. Nungunungu akachagua sindano nene, chwi!

"Yalaaa! Niacheni!" Kiboko akalia.

Kilio kile kikapita njiani. "Pokea!" "Nimepokea!" Wakaja na waliochelewa, nyati na ngiri na twiga, nao wakataka kuokoa. Haya, mbee! Fuuu! Chwi!

"Nimepona! Nimepona!"

"Pokea! Mheshimiwa bado analia!"

Wakaja hata kobe.

Jua likamchoma ngozi ikapasuka, mkia ukabaki kipande, na Pimbi alikuwa kichakani anacheka mpaka anashika mbavu. Kiboko akamwona.

"Ndugu yangu Pimbi, wazuie hawa!"

"Nitawezaje, Mheshimiwa? Sheria ni yako. Ila kunyamaza hakujakatazwa."

Kiboko akafumba kinywa. Watu wakamngoja, wakamwona hasemi, wakasema amepona, wakaondoka. Akajitumbukiza mtoni, na mpaka leo kutwa utamwona macho na masikio tu. Akikoroma, anakoromea ndani ya maji.

Njia ikawa nyeupe. Na haikupita siku nyingi moshi ukapanda tena, safari hii upande ule wa majani yaliyosimama. Mama Pacha akaita mara moja tu, "Moto!"

"Pokea!" "Nimepokea!" Tindi-tindi-tindi! Tembo akamwaga, nyati wakakanyaga, nyani wakawabeba pacha mgongoni. Moto ukazimwa kabla haujaligusa jiwe. Pacha wakapiga chafya, wakanyonya, wakalala.

Na Pimbi? Pimbi alikuwa mkutanoni, anapongezwa. Alifika wa mwisho, anahema, akakuta kila kitu kimekwisha na watu wamekwenda zao. Angewabusu wanawe akanyamaza, hadithi ingeishia pazuri. Lakini ndugu zangu, mtu mfupi akipata sifa huona kichwa kimegusa mbingu. Akapanda juu ya jiwe, akainua mkia, akavuta pumzi akaita, "Nchi nzima isikie! Ni mimi, Pimbi, mwenye akili!"

"Pokea!" "Nimepokea!"

"Hapana!" Pimbi akasema. "Hiyo ilikuwa taarifa tu!"

Hatuulizi. Tunaokoa. Tindi-tindi-tindi!

"Yuko juu ya jiwe, ataanguka! Mshusheni!" Wakatafuta pa kumshika, na palikuwa na mahali pamoja tu, pameinuliwa vizuri, panaonekana kutoka mbali. Haya, mbee!

Pwaa!

Tembo akabaki na mkia mkongani. Nungunungu akatazama jeraha, akachagua sindano. Chwi! Pimbi alitaka kulia, akakumbuka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Jioni akaingia nyumbani kinyumenyume, ameegemea ukuta.

"Baba Pacha," mkewe akauliza, "leo umeleta nini?"

"Leo," akasema Pimbi, "sikuleta. Nimeacha."

Ngano yangu imepanda kilima, imeita, mmepokea, sasa inateremka ikalale. Na funzo lake, watoto, lishikeni sana: ukipatwa na hatari, kaa kimya kabisa, usije ukaokolewa. Mwenye swali asiinue mkia. Na zile njugu, zilizobaki, zirudi huku kwa mwenye mkutano.