Boma la Miiba Iliyotazama Ndani

Hapo kale, wanangu, Mwenyezi Mungu alipokuwa bado hajawanyima wanyama usemi, Simba aliwakusanya wanyama wa nchi zote, ya msituni, ya mbugani na ya kinamasini, akawaweka ndani ya boma moja. Alisema nje kuna Zimwi, na humo ndani kila mmoja atakuwa huru, hana la kuogopa. Na kweli wizi ulikoma, watoto wakalala. Hata mimi ningeingia.

Lakini kila ukungu uliposhuka, Zimwi lililia huko nje, vuuu, vuuu, na Simba akaagiza mmoja atolewe akaliombe amani. Hakurudi hata mmoja.

Zamu ikamfikia Digidigi, jirani aliyewanyonyesha watoto wa shoga yake Nguchiro, huyo mama yao alipougua.

Nguchiro alikwenda kuutazama ua, kisha akamwita Digidigi kando.

"Shoga, ukijizungushia miiba usiku, vishina vya matawi unaviweka upande gani?"

"Ndani. Asubuhi nivivute mwenyewe, nifungue."

"Hivi viko nje. Miiba inatutazama sisi."

Ukungu ulikwisha shuka, Zimwi likaanza, vuuu. Katikati likakohoa. Nguchiro akakitambua kikohozi kile: cha Fisi, askari wa Simba. Akamnong'oneza shoga yake aende tu mlangoni, naye akabeba mtungi mtupu.

Wenzao walimuaga Digidigi bila kumtazama usoni. Fisi akavuta miiba kutoka nje, kwaru, kwaru. Nyuma yake alisimama Simba, analamba midomo.

Nguchiro akaingiza kichwa mtungini, akalia. Vuuuuu.

Simba akamfokea Fisi anyamaze, wakati wake umepita.

"Si mimi, Bwana mkubwa. Baragumu hili hapa, kwapani."

"Sasa nani analia?"

Vuuuuu, kutoka ndani, karibu zaidi. Na ukungu ukatoa kichwa kikubwa cha mviringo, kisicho na macho wala mdomo, kinakuja polepole.

Simba ndiye aliyetangulia kukimbia. Fisi akamfuata, baragumu likabaki chini.

Mwanya ulikuwa wazi, lakini wanyama walisimama tu wakiutazama. Nguchiro akavua mtungi. Nyumbu akamuuliza kwa sauti ndogo, "Sasa nani atatulinda?"

"Sijui, ndugu yangu. Tutajua tukiwa nje."

Digidigi akatoka wa kwanza.

Wanangu, anayekulinda akakunyima mlango, huyo amekufunga.