Mwenye Eda Atafuta Nyumba

Hapo zamani, enzi ambazo mtu wa Mpwapwa akitaka kufika Kondoa alikwenda kwa miguu au kwa punda, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Kidawa. Sogeeni karibu, na msinikatize, maana nyie nawajua.

Bi Kidawa alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Kombo, mtu aliyekula chumvi nyingi, akazikwa vizuri na kuombewa vizuri. Sasa mjane alikuwa anakaa eda. Eda mnaijua: kukaa ndani, hakuna safari, hakuna sherehe, na mwanamume asiye maharimu anaongea naye nyuma ya pazia. Mwili wa Bi Kidawa ulitulia ndani kama inavyotakiwa. Mdomo wake, jamani, haukukaa eda hata siku moja.

Na alikuwa na la kusema. Bintiye wa pekee, Zena, alikuwa ameolewa Kondoa, na alikuwa na mimba ya kwanza. Katika ukoo wa Bi Kidawa mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake, mzaa mama. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bi Kidawa mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyozaliwa Zena. Lakini mkunga wa Kondoa alimpapasa Zena tumbo, akatikisa kichwa, akasema, "Wewe mwanangu, punda umtazame tu. Ukimpanda, mimba hii haifiki Mpwapwa."

Basi mama aende akalale kwa mkwewe? Astaghafiru! Mama mkwe na mkwe wake hata wakikutana njiani kila mmoja anainamisha kichwa. Watalalaje chini ya paa moja?

Bi Kidawa alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Kama Zena hawezi kuja kwenye nyumba yangu, nyumba yangu itakwenda kwa Zena. Eda ikiisha nahamia Kondoa. Nitafutieni nyumba huko!"

Tena, Zena na mumewe walikuwa wamempa yeye heshima ya kumchagulia mtoto jina. Kwa furaha ya kupata wazo, Bi Kidawa akaahidi mbele ya watu, "Atakayenipatia nyumba, huyo ndiye atakayempa jina mjukuu wangu." Ahadi tamu sana. Ila aliitoa mbio mbio, na ya mbio mbio mnayajua.

Wa kwanza kuinuka alikuwa shemeji yake, Mrisho, mdogo wa marehemu. Mrisho alikuwa na punda wa kubeba chumvi, na kila kichochoro cha Kondoa alikipita. Akaenda, akakaa, akarudi, akasimama nyuma ya pazia.

"Shemeji, nyumba umeipata?"

"Nimeipata, shemeji! Nimezunguka Kondoa nzima mpaka punda wamenuna. Milango niliyobisha haihesabiki. Hii iko jirani na kwa Zena kabisa, akikohoa unamsikia. Na baraza yake! Pana, ya kivuli, upepo unaingia huku unatokea huku. Nimekaa pale nikanywa kahawa mpaka jua likaniondoka."

"Uani kukoje?"

Mrisho akaanza tena kuisifu baraza.

"Shemeji Mrisho, nimeuliza, uani kukoje?"

"Sasa shemeji, mimi mwanamume. Ndani mlikuwa na wanawake wa watu, wapangaji wanaohama. Ningeingiaje uani?"

"Kwa hiyo umenipangia baraza!"

Watu wakacheka, na Mrisho naye akacheka, ila Bi Kidawa hakucheka sana. Zena hatajifungulia barazani. Basi akamwita shoga yake, Bi Sijali, ambaye walichezwa ngoma pamoja tangu usichana. Bi Sijali hakujaliwa mtoto, na alimlea Zena kama mwanawe. Akamwambia, "Shoga, nenda ukanitazamie nyumba kwa macho ya kike." Bi Sijali akajifunga kibwebwe, akafuatana na punda wa chumvi hadi Kondoa.

Alipoingia uani, akapiga kelele. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka wote kwa mvua, na nyuma yake ndipo inapopita njia ya mnadani. Kila mchunga ng'ombe angemchungulia Zena kitandani! Mrisho aliporudi na habari hiyo Mpwapwa, sauti yake nyuma ya pazia ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. Bi Kidawa aliogopa kweli siku hiyo. Alishika tasbihi yake hakujua anahesabu nini, akamwona mwanawe anajifungua machoni pa watu, na yeye amefungwa ndani hana la kufanya.

Lakini Bi Sijali hakurudi kulalamika. Aliwakusanya wanawake wa mtaa ule, wakakata fito, wakachota maji, wakakanyaga udongo huku wanaimba na kusengenya waume zao. Alikandika mpaka kucha zikakatika. Ukuta ukasimama, uani pakafagiwa, jiko likapata mlango. Nyumba ikapendeza.

Ikapendeza mno! Mwenye nyumba, Mzee Hamduni, alipouona ukuta ule, macho yakamtoka. Akaja mfanyabiashara wa ngozi, naye akaitamani nyumba.

"Huyo mpangaji wako umemwona?"

"Sijamwona," akasema Mzee Hamduni.

"Basi hayupo. Nipangishe mimi."

Mzee Hamduni akakubali! Bi Sijali alimkumbusha kuwa nyumba alikwisha kumwahidi Mrisho, akamsema, akamsihi, mpaka sauti ikamkauka. Mzee akasema tu, "Mimi simpangishi mtu anayezungumza kutoka nyuma ya pazia la Mpwapwa." Mzigo wa ngozi ukaanza kuletwa, unanuka mtaa mzima.

Habari zikamfikia Athumani, mume wa Zena, seremala wa vitanda. Huyu kijana alikuwa na haya, jamani, sijaona. Siku ya harusi yake, alipoulizwa kama ameridhika, aliitikia kwa kichwa tu. Mchana ule Athumani akajitwika kitanda alichokuwa amemchongea mama mkwe wake, akakiingiza ndani, akakifunga kamba, akakiwamba vizuri. Kisha akatoka, akasimama mlangoni, mzigo wa ngozi mbele yake. Akafungua mdomo.

"Mzee Hamduni! Kitanda cha mama yangu mkwe kimo ndani. Sasa hivi namleta mke wangu alale juu yake, na tumbo lake. Ukitaka nyumba yako, njoo umtoe wewe mwenyewe, mchana huu, mtaa mzima ukikutazama!"

Wanawake waliojenga ukuta wakapiga vigelegele. Nani anamtoa nje mwanamke mja mzito? Mzee Hamduni akaangalia chini, akaangalia juu, akasema ana safari kidogo. Ngozi zikarudi zilikotoka. Vijana wa mtaa wakambeba Zena kwenye machela taratibu, kutoka nyumba ile hadi hii, akalazwa. Tangu hapo Athumani alihamia barazani, hakuondoka.

Huku Mpwapwa eda ikaisha. Bi Kidawa akaoga, akavaa, akaagana na watu, wakaondoka na Mrisho na punda wake. Walipofika Kondoa, akamsikia mwanawe anaugulia ndani. Baraza hakuitazama, ukuta hakuutazama. Alipita moja kwa moja hadi kitandani, akamshika Zena mkono, "Nimefika mwanangu, uko kwangu." Kabla ya magharibi mtoto akalia. Mtoto wa kike, mzima, amezaliwa kwa bibi yake. Bi Kidawa alilia kwa furaha mpaka mkunga akamwambia atoke nje akalilie huko.

Sasa siku ya saba. Mbuzi amefungwa, wageni wamejaa, mwalimu wa chuo cha Kurani amekuja kutia jina. Mrisho akasimama.

"Jina ni langu. Kabla yangu palikuwa na nyumba gani? Ukuta ungejengwa wapi? Kitanda kingewekwa wapi? Mimi ndiye niliyezunguka mji wa watu, mlango kwa mlango, mpaka nikaipata. Namtaka Mwanakombo, jina la kaka yangu lisipotee."

Bi Sijali akasimama. "Ulipata baraza, shemeji, na kahawa yako. Mwanamke angezalia mnadani? Tazameni mikono yangu. Mimi ndiye niliyeifanya iwe nyumba ya kuzalia. Namtaka aitwe Sijali. Mimi sina mtoto wa kulibeba jina hilo, nikifa limekwisha."

Athumani akasimama, macho chini. "Wote mmefanya. Lakini nyumba ilikuwa imekwisha kwenda. Mliyoipata na mliyoijenga ilikuwa inajaa ngozi. Mimi ndiye niliyeirudisha. Mwanaidi, kama mtaniruhusu. Ni jina la mama yangu. Alikufa akinizaa, sikuwahi kumwita mama."

Mzee Hamduni naye akainua mkono, "Na mimi mwenye nyumba?" Wakamwambia wote kwa pamoja akae chini, akakaa.

Bi Kidawa akampakata mtoto. Jina la mumewe alilitaka. Shoga yake alimpenda kama nafsi yake. Na mkwe yule, aliyesema siku moja tu kwa ajili yake, alimtia uchungu wa mama. Ahadi aliitoa yeye, mbele ya watu, na aliitoa kwa mtu mmoja. Mwalimu akainama kwenye sikio la mtoto, akauliza, "Haya, mama, aitwe nani?"

Nami nawauliza nyinyi mlioketi hapa: kati ya aliyeiona nyumba, aliyeitengeneza na aliyeiokoa, ni nani hasa aliyempatia Bi Kidawa nyumba? Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?